Mkwe Alikaa Nje ya Dirisha

Wenzangu mliobaki kituoni,

Siku ya kuniaga mlinipa keki na saa ya ukutani, mkaniambia nikipata nafasi niwaandikie mambo niliyoyaona kazini. Nafasi ninayo, maana ng'ombe ninao wawili tu na wote wana adabu kuliko nilivyotarajia. Saa yenyewe imeshasimama, lakini asanteni. Vyeo nitaviruka kwa sababu vilikuja vikiwa vimechelewa, na mshahara mnaujua: ni huo wenu ukiwa mdogo zaidi. Nataka niandike juu ya pombe, kitu kilichokula miaka yangu mingi ya kazi bila mimi kuonja hata tone.

Siku yangu ya kwanza pale Kiplombe niliwekwa chumba cha kufunga vidonda. Nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, sare imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama yenyewe, na kichwani nilikuwa nimeokoa maisha ya watu wengi kabla hata ya kufungua mlango. Ilikuwa Jumatatu. Wa kwanza alikuwa ameangukia waya wa ua. Wa pili alikanyaga jiko. Wa tatu alipigwa mbao na ndugu yake na hakukumbuka ugomvi ulihusu nini. Nilisafisha, nikashona, nikachoma sindano za pepopunda. Jumatatu iliyofuata wakaja wengine, na kati yao walikuwemo wale wale wa juzi, na vidonda vipya mahali pengine. Nilimwuliza mkubwa wangu kama watu wa huku wana kawaida ya kuanguka sana.

Mkubwa wangu alikuwa Sista Agnes, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alinitazama mpaka nikaona aibu. "Jerono," akasema, "wewe unashona gunia na panya angali ndani."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuuliza. Usimwulize mtu kama anakunywa, alisema, kwa sababu atakujibu "kidogo tu." Katika miaka yangu yote sikuwahi kukutana na mtu anayekunywa kiasi kingine isipokuwa kidogo. Mwulize anakunywa nini, na ya mwisho alikunywa saa ngapi, kwa sauti ile ile unayoulizia kama ana mzio wa dawa. Kisha mpe chai. Sista Agnes alikuwa akijaza kikombe mpaka juu kabisa, akakiweka mbele ya mgonjwa, halafu akajifanya anatafuta kitu kabatini. Mkono ukinyanyua kikombe bila kumwaga, tuendelee na mengine. Ukimwaga, basi mazungumzo yameanza. Siku hizi mna maswali yenu ya kuweka alama, nayo ni mazuri, lakini chai haijawahi kudanganywa.

Jambo la pili alilonifundisha nawaomba mlishike hata mkisahau mengine yote. Mtu anayekunywa kila siku msimwambie akaache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Nimeona mwanamume mwenye nguvu zake akitetemeka kitandani, akiwafukuza siafu wasiokuwepo, kisha akaingia degedege, kwa sababu tu alimwahidi mama yake kwamba kesho hagusi. Mlete wodini, apate dawa ya kutuliza na vitamini, atazamwe. Ahadi itakuja baadaye.

Shida ilikuwa ya hapo baadaye. Tulikuwa tunamtibu mtu vizuri, anaanza kula, rangi inarudi, halafu tunampa ruhusa na anarudi nyumbani kwa njia ile ile inayopita mbele ya mlango ule ule. Sista Agnes alikuwa amesikia kwamba kuna kikundi mahali fulani, watu waliokuwa wakinywa na sasa hukutana kusaidiana wasirudi. Hakujua ni wapi. Akanituma nikitafute.

Nilianza kwa kuuliza vibaya. Nilimsimamisha mtu wa bodaboda nikamwambia natafuta kikundi cha walevi. Akacheka mpaka akazima pikipiki. "Sista, hiyo si kikundi, hiyo ni nusu ya ward. Lakini panda, nitakupeleka." Akanipeleka nyuma ya posho mill, kinu cha unga, kwa mama pima, muuza chang'aa, na kweli kikundi kilikuwepo, kimekaa kwenye mabenchi na vikombe vyake. Walinipokea vizuri sana. Walidhani nimekuja na chanjo.

Mara ya pili nikaona nijirekebishe, nikauliza walipo watu walioacha pombe. Hapo nikaelekezwa kanisani. Nyinyi mliozaliwa Eldoret hamlioni hili kwa sababu mmelizoea: kwetu kuacha pombe na kuokoka ni kitu kimoja. Mtu akikataa bia harusini anaulizwa ameokoka lini. Na akianguka tena, hawasemi amerudi kwa pombe, wanasema ameacha Yesu, na mtu wa kubeba mizigo hiyo miwili kwa pamoja sijamwona. Mchungaji niliyemkuta aliniombea kwanza, kisha akanisikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Hao hawaji kwa ibada," akasema. "Wanakaa hapo nyuma, darasa la chekechea. Ukiulizia, sema wale wa chai ya Alhamisi."

Nilirudi na habari hiyo nikiwa na furaha. Sista Agnes akaniuliza nimekaa nao? Nikasema hapana, nimepaona mahali tu. Akasema usimtume mgonjwa mahali ambapo wewe mwenyewe hujakaa. Alhamisi hiyo nikaenda.

Mtu mzima akikaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yanapita mabega. Walikuwa wamekaa hivyo wote, wanaume na wanawake wachache, chini ya picha za herufi na wanyama, na aliyekuwa akiwaongoza ni Mzee Barasa, dereva wa malori aliyestaafu. Alipika chai mwenyewe, tangawizi nyingi kupita haki. Akaniuliza mimi nakunywa nini. Nikasema chai. Walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika, na tangu siku hiyo sikuwahi kuhisi mgeni pale.

Namna yao ilikuwa rahisi. Kila mtu anasema jina lake moja na wiki yake ilivyokwenda. Hakuna anayemjibu, hakuna anayemshauri, hakuna anayehubiri. Ukimaliza unapewa chai. Jina la baba haliulizwi, kwenu hakuulizwi, ukoo hauulizwi. Mzee Barasa alikuwa mkali sana hapo, kwa sababu yeye ni Mbukusu, na Wabukusu wawili wakikutana, ukoo huulizwa kabla hata mtu hajaketi. Alisema mtu akishajulikana ni wa nani, hatasema ukweli tena, ataanza kulinda boma. Nilikubaliana naye. Sheria ile ilisaidia watu wengi, na ndiyo iliyotuingiza katika kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kushika.

Miaka ilipita. Sista Agnes alistaafu akarudi kwao, mimi nikabaki na kazi ya kuwapeleka watu. Niliwapeleka mwenyewe mara ya kwanza, mpaka mlangoni, kwa sababu mtu anaweza kukuahidi ataenda na akapotea kati ya geti na barabara.

Miongoni mwao alikuwa Mama Naliaka. Alikuja na mkono ulioungua. Zamani alikuwa akipika chang'aa ya kuuza. Kupika aliacha, kunywa kukabaki. Sasa alivuna mahindi kwenye mashamba ya watu na kunywa alichopata. Mumewe alikufa zamani na watoto walikuwa wameolewa. Kikombe cha chai alikimwaga chote, akakitazama, akasema, "Sista, si umeniona." Nilimpeleka Alhamisi na akashika. Alimdanganya binti yake kwamba anaenda chama cha akina mama. Nilimwona mwaka ule akinenepa, akianza kuvaa vitambaa vya rangi, akianza kunikemea nisipofunga sweta.

Baadaye akaja Wekesa. Alikuwa mpakiaji wa magunia kwenye maghala ya mahindi kule Turbo, kifua kama mlango, lakini macho yalikuwa ya manjano. Mke wake alimleta akiwa katika degedege. Alipotulia, daktari alimweleza mbele yangu bila kuzunguka: ini limebaki kidogo tu, akirudia kunywa hatarudi tena hapa kwa miguu. Wekesa alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama watoto wake wanaweza kurithi ugonjwa huo. Nilimpenda hapo. Nilipompa ruhusa nilimpeleka Alhamisi mimi mwenyewe, tukitembea polepole, na alikuwa akiniambia habari za mpira.

Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Wekesa aliinama kuingia, kwa sababu ya urefu wake, akainua uso, akaganda. Kisha akarudi kinyumenyume, akageuka, akaenda. Hakukimbia, lakini sikuweza kumfikia. Ndani Mama Naliaka alikuwa amejifunika leso usoni, amegeukia ukuta.

Nilidhani ni aibu, kama kawaida. Kesho yake nilimfuata Turbo, nikamkuta amekaa juu ya magunia.

"Siwezi rudi huko, Sista."

"Umeona mtu unayemjua?"

"Kuna mtu siwezi kaa naye nyumba moja."

"Mmegombana?"

"Hapana! Kugombana naye ati?" Alionekana kana kwamba nimemtusi. "Namheshimu sana."

"Basi ni nani?"

Jina hakulitaja. "Huyo ndiye alizaa bibi yangu, mama ya watoto wangu," akasema.

Kwetu Moiben mkwe ana heshima yake, lakini tunaketi naye mezani tukala. Kwa Wabukusu si hivyo. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima ya juu kabisa waliyo nayo. Na mimi nilikuwa nimewaalika hao wawili wakakae magoti kwa magoti kwenye viti vya watoto, mmoja aeleze alivyojikojolea na mwingine asikilize. Nilipomweleza Mzee Barasa alijipiga paji la uso kwa kiganja. Ukoo ungeulizwa siku ya kwanza, jambo lile lisingetokea. Sheria yake mwenyewe ndiyo iliyomficha mkwe.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda nikijua Wekesa hatakuwepo. Hakuwepo. Mama Naliaka naye hakuwepo.

Nilimkuta kwake akimenya mahindi. "Mimi nimezeeka, Sista," akasema. "Huyo ako na watoto. Mwache akae hapo, mimi nitajua vile nitafanya." Nikampelekea Wekesa habari kwamba nafasi iko wazi. Akakataa katakata. "Mama ndiye alikuja kwanza. Mimi nimfukuze mama? Heri hii ini inimalize." Basi kila mmoja alimwachia mwenzake, na kiti cha kila mmoja kikakaa kitupu. Baada ya majuma machache niliisikia harufu kwa Mama Naliaka kabla sijafika mlangoni. Wekesa alikuwa hajanywa bado, lakini alikuwa ameanza kupita kwa mama pima "kusalimia tu," na mnajua kusalimia huko huishia wapi. Nilikasirika. Niliwakasirikia wote wawili, nikaikasirikia na mila yenyewe, na kwa kuwa si mila yangu ilikuwa rahisi kuikasirikia.

Tulijaribu mengine. Kikundi kingine cha karibu kilikuwa mjini, kwenye nyumba nzuri; Wekesa alienda mara moja, wakaongea Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, akanywa soda akarudi. Mzee Barasa akamfungulia Jumatatu, wakawa wanakaa wawili, lakini watu wawili si kikundi. Wekesa alisema ni kama kuitwa ofisini. Nikamwambia Mzee awaamuru tu wakae pamoja, hii ni tiba. Hapo ndipo aliponikemea. "Sista, unataka niwaponye pombe niwape aibu? Aibu ndiyo itawarudisha kwa chupa."

Alijimiminia chai. Halafu akasema, akijiongelesha zaidi kuliko kuniambia mimi, "Kwa sherehe, mkwe huwekwa nyumba yake. Chakula anapelekewa. Salamu anapelekewa. Sasa maneno nayo nani alikataza kupelekwa?"

Alhamisi iliyofuata alitoa benchi nje, akaliweka chini ya dirisha, upande wa nyuma ambako hakuna njia. Wekesa akaja kwa kuzunguka ua, akakaa, ameegemea ukuta. Ndani, Mama Naliaka akaletwa kwa mlango, akawekewa kiti chini ya dirisha hilo hilo, naye ameegemea ukuta. Wangeweza kukaa hapo mwaka mzima wasionane. Walipeana migongo na ukuta mmoja katikati. Dirisha halikuwa na kioo, ni wavu tu, na kila neno lilipita. Mmoja akisema, alimwambia Mzee Barasa, hata kama Mzee alikuwa amesinzia. Chai ya Wekesa ilizungushwa kupitia nje. Hivyo ndivyo kikundi kilivyoenda kwa muda mrefu, na wageni wakiuliza kwa nini yule amekaa nje, waliambiwa ana joto.

Jua la Januari lilimchoma, upepo wa Julai ukampiga, naye aliendelea kuja, na macho yakaanza kuwa meupe. Mama Naliaka aliteleza mara moja, akarudi, akashika tena. Nilianza kuamini tumeshinda.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya mvua za masika. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka upande wa Moiben na ndani ya darasa kulikuwa na giza. Mama Naliaka alisimama, jambo ambalo halikuwa kawaida yetu.

"Mimi leo nimekuja kuwaaga," akasema. "Siwezi kukaa ndani kwa joto na mtu wa watu anapigwa na mvua kwa sababu yangu. Tena si mvua peke yake. Siku walikuja kwetu kuleta maneno ya kuoa msichana wangu, ile pombe ya busaa ya kuwapokea niliipika mimi. Kwa hii mikono. Niliipika kali, ili watu wasiseme nyumba ya mjane haina kitu. Huyo kijana alipewa mrija akavuta. Mimi ndiye nilimpatia hii ugonjwa, Mzee. Nitakaaje hapa nijisikie napona?"

Alianza kukusanya mkoba wake. Kila mtu mle ndani alijua akitoka vile anaelekea wapi, na kwa umri wake hakuwa na safari nyingine ya kurudi. Hakuna aliyeruhusiwa kumjibu, ndiyo kanuni, na sijawahi kuichukia kanuni kama siku ile. Nje palikuwa kimya. Nikafikiri Wekesa ameondoka.

Halafu sauti yake ikaingia kupitia wavu, nzito, polepole.

"Mzee Barasa. Waambie walio ndani kwamba mimi nilikuwa nimeanza kitambo. Nikiwa shule. Hiyo siku ya ukweni nilienda kama nimeshakunywa mahali pengine. Hiyo busaa hata sikuisikia."

Sasa, mimi ndiye niliyemhoji mtu huyu wodini, na nilimhoji kwa njia ya Sista Agnes, bila haraka. Alikuwa amelelewa katika nyumba ya Wakristo wasiogusa pombe. Tone lake la kwanza maishani lilikuwa siku ile, kwa mrija ule, kwa boma lile. Mzee Barasa alikuwa ameambiwa hayo hayo Jumatatu zile za watu wawili. Na Mzee huyu alikuwa na tabia ya kumkatiza papo hapo mtu yeyote anayedanganya mle darasani, hata kwa jambo dogo, hata mchungaji alipotutembelea alimkatiza. Nilimtazama. Akanitazama. Kisha akageuka kwa Mama Naliaka, akasema kwa sauti ya karani, "Walio ndani wameambiwa kwamba aliyeko nje alianza akiwa shule."

Mama Naliaka alisimama na mkoba wake mkononi. Machozi yalikuwa yakimtoka naye hakuyafuta. Mvua ikaanza kupiga mabati, matone makubwa ya kwanza. Akaketi.

"Mwambieni asogee ukutani," akasema. "Paa linafika hapo."

Tulisikia benchi likivutwa.

Huyo mama hakunywa tena. Aliendelea kuja mpaka miguu ilipokataa, kisha sisi tukawa tunaenda kwake, na Wekesa anakaa nyuma ya nyumba chini ya dirisha la jikoni. Alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa moyo, katika usingizi, na binti yake aliniambia kwamba mto wake ulinukia sabuni. Ni kwa sababu hayupo kwamba nayaandika haya, na Wekesa ameniruhusu, mradi nibadilishe majina. Nimeyabadilisha.

Siku ya mazishi Wekesa alisimama mbali na kaburi, kwenye ua, kama inavyompasa mkwe, amevaa koti lililombana. Ana afya. Mkubwa wa watoto wake alikuwa akibeba viti. Nilimwendea tukasimama pamoja wakati watu wakiimba, na kwa kuwa nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, nikaona nimwulize. Nikamwambia, Wekesa, mimi mwenyewe ndiye niliyeandika historia yako wodini. Kwa nini ulidanganya siku ile, na unajua Mzee hataki uongo ndani ya chumba?

Hakuondoa macho yake kaburini.

"Ndani ya chumba, ndiyo," akasema. "Lakini Sista, si mimi nilikuwa nje?"